Kuchagua bima ya gari ukiwa kijana na hela ni ya mawazo

Mdogo wangu alipopata gari yake ya kwanza tulikaa usiku mezani na makaratasi matatu ya bei ya bima, na yeye alishaichagua ile ya chini kabisa kabla hata hajavuta kiti. Nikamwambia tusome kwanza. Ukurasa wa nne, maandishi madogo yale ya kukodolea macho, kuna mstari unasema kwenye kila ajali mteja atabeba asilimia 10 ya hasara. Sawa, hiyo ya kawaida. Ila chini yake kuna mwingine unasema dereva aliye chini ya miaka 25 au mwenye leseni isiyofikisha mwaka anaongeza asilimia 10 nyingine juu ya hiyo, halafu wa tatu unasema jumla ya hizo mbili haitapungua kiasi fulani, na kile kiasi tulipokipigia hesabu kilikuwa kinakaribia ada ya bima ya mwaka mzima. Yaani ile karatasi ya bei rahisi ingemgharimu kuliko zote siku ya kwanza tu akigonga kitu.

Ndo nimeamua niandike hizi hatua zote sehemu moja, maana naona vijana wengi wanaumia hapo hapo. Jambo moja ulishike toka mwanzo kwa sababu hatua zote zinarudi kwake: bima inanunuliwa kwa ajili ya hasara ambayo huwezi kuibeba. Mkwaruzo, taa, kioo cha pembeni, hizo unaweza kujibana ukalipa. Kumvunja mtu miguu miwili, au kuua gari ambayo bado unailipia mkopo, hapo hujibani popote. Kwa hiyo hela ikiwa ndogo unakata kwenye mikwaruzo, hukati kwenye miguu ya watu.

Kabla ya hatua: kwa nini wanakubana wewe

Kampuni ya bima haikujui wewe binafsi, inajua kundi lako. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na kule Marekani vijana wa miaka 16 hadi 19, ukihesabu kwa kila maili wanayoendesha, wanapata ajali za vifo karibu mara 3 ya madereva wa miaka 20 kwenda juu. Usiku hatari inapanda, gari ikijaa marafiki inapanda tena. Hayo ndo wanayoyaona wakisoma tarehe yako ya kuzaliwa, hata kama wewe unaendesha kama mzee wa kanisa.

Umri huwezi kuubadilisha, na kupiga kelele kwa wakala haisaidii. Ila bei inajengwa na vitu vingine ambavyo vingi viko mkononi mwako: gari gani, inalala wapi, inatembea kilomita ngapi kwa mwaka, nani mwingine anaiendesha, unaitumia kwa nini. Tutabanana na hivyo.

Hatua ya 1: kama gari bado hujanunua, simama hapo hapo

Hii ndo hatua yenye hela nyingi kuliko zote na ndo inarukwa kila siku. Watu wananunua gari kwanza halafu wanauliza bima, wakati injini kubwa, gari inayopendwa na wezi, gari ambayo spea zake zinaagizwa mbali, au iliyopigwa turbo na rimu za bei, zote hizo zinaweza kufanya bima ya mwaka mmoja ikakaribia kile ulichotoa kununua gari yenyewe. Uingereza kwa miaka mingi walikuwa wanayapanga magari kwenye makundi kuanzia 1 mpaka 50, wakiangalia gharama ya matengenezo, bei ya spea, mwendo, ulinzi wake, na kijana alikuwa anaambiwa akae kwenye namba za chini. Hata usikoishi na mfumo huo, fikra ndo hiyo hiyo.

Fanya hivi: chagua magari matatu unayoyamudu, piga simu au ingia kwenye tovuti za kampuni, omba kotesheni, yaani karatasi ya bei ya bima, ya kila moja kwa jina lako na umri wako wa kweli. Haulipi chochote kwa kuuliza. Utashangaa magari mawili yanayouzwa bei moja yalivyo na bima mbalimbali. Na kama unawaza kuifanyia gari urembo, kushusha springi, kubadilisha ekzosi, kutia tinti, jua kila badiliko linatakiwa kutajwa, mengine yanapandisha ada na mengine yanafanya kampuni ikukatae kabisa.

Hatua ya 2: jua kima cha chini cha sheria, halafu ujue hakitoshi kila mara

Karibu kila nchi inakulazimisha angalau thedi pati, yaani bima inayomlipa yule uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Uingereza walilazimisha kwa sheria ya 1930, jimbo la Massachusetts kule Marekani lilitangulia, lake lilianza kutumika 1927. Angalia neno lenyewe, mtu wa tatu. Wewe haumo humo. Gari yako ikibondeka kwa kosa lako, thedi pati haikupi hata nati.

Swali ambalo vijana hawaulizi ni kikomo. Thedi pati inalipa mpaka shilingi ngapi? Kuna sehemu, Uingereza ni mojawapo, ambako fidia ya majeruhi haina kikomo. Na kuna sehemu kikomo ni kidogo mpaka kinatisha. California kwa mfano kima cha chini kilikuwa dola 15,000 kwa majeruhi mmoja mpaka mwisho wa 2024, Januari 2025 ndo kikapandishwa kuwa dola 30,000. Mtu akilazwa akafanyiwa upasuaji, hela hiyo inaisha mapema, na inayobaki wanakuja kuidai kwako wewe, kwenye mshahara wako. Kuongeza kikomo mara nyingi kunagharimu kidogo ukilinganisha na kinga unayopata, kwa hiyo uliza: nikipandisha kikomo cha majeruhi na cha mali ya watu, ada inaongezeka kiasi gani? Kama kuna mahali pa kuongeza hela hata ukiwa umebana, ni hapa.

Hatua ya 3: bima ndogo au bima kubwa

Zipo ngazi tatu kwa kawaida. Thedi pati tupu. Thedi pati pamoja na moto na wizi, hii inalipa gari yako ikiungua au ikiibiwa ila siyo ukigonga mwenyewe. Halafu bima kubwa, ambayo inalipa na gari yako hata kosa likiwa lako.

Jiulize swali moja tu ukiwa umetulia: gari hii ikipotea kesho asubuhi, maisha yangu yanasimama? Kama gari ni ya zamani, thamani yake ni ndogo na una akiba au unaweza kupanda usafiri mwingine bila kupoteza kazi, bima ndogo ni uamuzi wa akili kabisa wala usione aibu. Kama gari ndo kazi yenyewe, au umechukua mkopo, hapo bima kubwa. Na mwenye mkopo mara nyingi hana hiari, mkopeshaji anaidai kwenye mkataba. Ukiwa kwenye mkopo uliza pia itakuwaje gari ikifa kabisa wakati deni ni kubwa kuliko thamani ya gari, maana kampuni ya bima inalipa thamani ya gari, haiangalii unadaiwa kiasi gani, na lile pengo linabaki kwako. Ipo bima ndogo ya kuziba hilo pengo, iulizie bei kwingine pia kabla hujaichukua pale pale ulikonunua gari.

Hapa kuna kitu kitakushangaza. Usidhani bima ndogo ni rahisi kila mara. Uingereza imeonekana kwa miaka mingi sasa kwamba kijana anaweza kuomba bei zote tatu akakuta bima kubwa iko sawa na thedi pati au chini yake, kwa sababu kampuni ziligundua wanaokimbilia thedi pati tupu wanapata ajali zaidi, zikaipandishia bei. Kwa hiyo omba bei za ngazi zote tatu, kila mara, kwa kila kampuni. Ni dakika tano.

Hatua ya 4: sema ukweli wote, hata unaokuumiza

Nakuomba usiruke hii hata kama umechoka kusoma.

Kuna ujanja vijana wanafundishana: gari ni yako, unaiendesha wewe kila siku, ila kwenye fomu unamwandika baba au mama kama dereva mkuu na wewe kama wa pembeni ili bei ishuke. Huo ni udanganyifu, na unashikwa kirahisi, maana siku ya ajali wanauliza tu gari inalala kwa nani, nani anaenda nayo kazini, mafuta nani anaweka. Wakikushika madai yanakufa, mkataba unafutwa kama haukuwahi kuwepo, na wanaweza kukudai wewe kile walichomlipa uliyemgonga. Sehemu nyingine unapelekwa mahakamani.

Njia halali ipo, ni kinyume cha hiyo. Unajiandika wewe dereva mkuu kama ilivyo kweli, halafu unamwongeza mzazi au dada mkubwa mwenye rekodi safi ambaye naye kweli huwa anaiendesha gari hiyo siku nyingine. Kwa kampuni nyingi bei inashuka kidogo, wakati mwingine inashuka sana. Jaribu kuweka jina na kutoa jina uone bei inavyocheza. Ila asiyeigusa gari usimwandike.

Ukweli mwingine unaofichwa: ajali za nyuma, faini za mwendo, ugonjwa unaoathiri kuendesha, kubeba abiria kwa app au kupeleka mizigo ya watu. Bima ya matumizi binafsi haifuniki kazi ya kubeba abiria, na ukigonga ukiwa na abiria wa app ndani ya gari, simu yake yenyewe inatosha kuwa ushahidi. Msingi wa bima tangu zamani ni imani kamili, jaji Mansfield aliliweka wazi kule London mwaka 1766 kwamba mambo muhimu yanajulikana na mteja peke yake, kampuni inaamini maneno yake. Ndo maana maneno yakiwa ya uongo hakuna kinachobaki.

Hatua ya 5: eksesi, hapa ndo penyewe

Eksesi ni ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kila unapodai. Na huwa haiko moja. Kuna ya lazima ambayo kampuni imeiweka, kuna ya hiari ambayo unaipandisha mwenyewe ili ada ishuke, na kuna ya dereva kijana au dereva mgeni, ile iliyotukuta mezani usiku ule. Zote zinajumlishwa. Nyingine ni asilimia ya hasara, nyingine asilimia ya thamani ya gari, na hizi mbili ni mbingu na ardhi: asilimia 5 ya hasara ya bampa ni kidogo, asilimia 5 ya thamani ya gari nzima kwa hasara ile ile ya bampa inaweza kumeza malipo yote.

Swali la kumuuliza wakala, muulize kwa maneno haya haya na umwombe ajibu kwa maandishi: "Leo usiku nikigonga ukuta mimi mwenyewe, kesho asubuhi natoa shilingi ngapi mfukoni?" Mzuri atakupa namba. Anayezunguka zunguka ana sababu.

Kupandisha eksesi ya hiari ni njia nzuri ya kushusha ada, mimi naipenda, lakini kwa sharti moja tu: hiyo hela ya eksesi uwe nayo kweli. Tuseme kwa kupandisha eksesi kutoka 5,000 kwenda 15,000 unaokoa 3,000 kwa mwaka. Ile 3,000 usiile, iweke pembeni, uongeze kidogo kidogo mpaka 15,000 itimie. Kama huna na huwezi kuiweka, usipandishe, maana gari itakaa gereji imetengenezwa na wewe huwezi kuitoa, na kuna gereji zinatoza hela ya kulaza gari kila siku.

Hatua ya 6: thamani ya gari usiipunje

Hii ni fupi lakini inaliza watu. Mtu anaandika gari ya 100,000 kama ya 60,000 ili ada ishuke. Anapata ajali ndogo, hasara 20,000, anategemea alipwe 20,000 kutoa eksesi. Kama mkataba una kipengele cha uwiano, na mingi inayo, kampuni inasema wewe umekatia asilimia 60 ya gari kwa hiyo tunakulipa asilimia 60 ya hasara, 12,000, na eksesi inatolewa humo humo. Ukiandika juu kuliko thamani nako hupati faida, unalipa ada kubwa na gari ikiisha unalipwa thamani ya sokoni tu. Labda mkataba uwe wa thamani mliyokubaliana kabisa mwanzoni, hiyo uliza kama ipo. Andika bei ambayo gari kama yako, mwaka ule ule, hali ile ile, inauzwa leo. Na kila mwaka ishushe, gari inachakaa.

Hatua ya 7: kusanya bei na uzipange kwa mkono

Chukua daftari au excel, haijalishi. Kotesheni nne au tano, na zote ziwe kwa taarifa zile zile kabisa, thamani ile ile, kilomita zile zile, madereva wale wale, vinginevyo unalinganisha mbuzi na jogoo. Andika kwa kila kampuni: ada ya mwaka mzima, eksesi zote zikijumlishwa, kikomo cha thedi pati, kioo cha mbele kimo au hakimo, kuvutwa gari kumo au hakumo, na nani anachagua gereji. Halafu safu ya mwisho jumlisha ada na eksesi, ukiwa unawaza ajali moja ndani ya mwaka. Panga upya kwa hiyo namba ya mwisho. Karatasi ya mdogo wangu iliyokuwa ya kwanza ikawa ya tatu, ya katikati ikapanda juu.

Jua pia unaongea na nani. Wakala anafanya kazi ya kampuni, anakuuzia bidhaa za kampuni yake au kampuni chache. Broka kazi yake ni kukutafutia wewe kwenye soko. Wote wanalipwa kamisheni, hakuna ubaya, ila ukiambiwa hii ndo nzuri kuliko zote uliza umelinganisha na zipi.

Na usingoje siku bima inaisha. Anza kuuliza wiki tatu au nne kabla, maana mtu aliyebanwa na muda anachukua chochote.

Hatua ya 8: punguzo ambazo kweli zipo

Kiboksi, au app ya simu, inayopima unavyoendesha. Inaangalia mwendo, unavyopiga breki, unavyokata kona, saa unazotembea, umbali. Kwa kijana anayeendesha taratibu hii ndo njia ya kutoka kwenye lile kundi nililosema mwanzo, maana sasa wanaanza kukujua wewe. Lakini kabla hujasaini uliza mambo mawili: maksi zikiwa mbaya nini kinatokea, ada inapanda katikati ya mwaka au wanakufuta? Na kuendesha usiku kunakatwa maksi? Ukiwa unafanya shifti ya usiku hospitalini au kiwandani, kiboksi kinaweza kukuadhibu kwa kazi yako. Taarifa zako zinaenda wapi pia uliza, unatoa ramani ya maisha yako yote.

Bima ya kulipia kwa kilomita, kama ipo ulipo, inamfaa anayeendesha wikiendi tu. Kadiria kilomita kwa kuangalia mita ya gari ya miezi miwili mitatu, usibuni.

Kufuatilia gari kwa GPS, alamu, kulaza gari ndani ya geti, kozi ya ziada ya udereva, hizi zinashusha kwa kampuni nyingine na kwa nyingine hazishushi hata kidogo. Uliza kabla hujanunua kifaa. Nimeona kifaa cha kufuatilia kikinunuliwa kwa hela nyingi kwa ajili ya punguzo ambalo lilikuja kuwa dogo kuliko ada ya mwezi ya kifaa chenyewe.

Halafu lipo punguzo la kutodai, hili ndo mali yako ya muda mrefu. Kila mwaka unaomaliza bila madai ada ya mwaka unaofuata inapungua, na kwa kampuni nyingi miaka mitano hivi inaweza kukufikisha nusu ya bei au zaidi. Kwa hiyo hasara ikiwa kubwa kidogo tu kuliko eksesi, piga hesabu kabla ya kudai: utakacholipwa, toa punguzo utakalopoteza mwaka kesho na mwaka unaofuata. Mara nyingi kujilipia ni bora. Ila kujilipia siyo kunyamaza, mikataba mingi inakutaka utoe taarifa ya ajali hata kama hudai, na hasa kama kuna mtu mwingine kwenye ajali, kwa sababu anaweza kuja kudai baada ya miezi sita akiwa na mwanasheria.

Hatua ya 9: kulipa kwa awamu

Kwa hela ya mawazo awamu zinavutia, na wakati mwingine hakuna njia nyingine. Jua tu kwamba awamu nyingi ni mkopo wenye riba. Tuseme ada ni 12,000 kwa mkupuo au 1,200 kila mwezi kwa miezi 12. Hiyo ya pili ni 14,400, umelipa asilimia 20 zaidi. Kama unaweza kuanza kujiwekea mapema, miezi kadhaa kabla ya kuanza kuendesha, hiyo tofauti inabaki kwako. Na kama umeenda kwa awamu usikose hata moja. Kukosa kunaweza kufuta bima, utakuwa barabarani huna kinga bila kujua, na ukienda kampuni nyingine fomu itakuuliza umewahi kufutiwa bima? Itabidi ujibu ndiyo.

Hatua ya 10: soma yasiyolipwa

Usisome mkataba wote kama huna nguvu, soma sehemu ya yasiyolipwa peke yake. Pombe. Dereva asiye na leseni, au asiyetajwa kwenye mkataba (hapa ndo rafiki anapoazimwa gari kwenda tu hapo jirani). Mashindano. Matairi yaliyoisha. Funguo zilizoachwa kwenye gari, ukishuka kufungua geti gari ikaondoka, kampuni nyingi hazilipi. Kuvuka mpaka wa nchi. Mafuriko na ghasia, hivi wakati mwingine vinaongezwa kwa hela kidogo. Usichoelewa uliza kwa meseji au barua pepe ili jibu libaki limeandikwa.

Hatua ya 11: hakikisha bima ipo kweli

Mawakala hewa wanawinda vijana hasa, kwa sababu wanajua mmebanwa. Anatangaza kwenye mitandao bei nusu ya wengine, anaongea kwa chati tu, hela inaingia kwenye akaunti au namba yake binafsi, unapata karatasi nzuri yenye nembo. Mwingine anakukatia bima ya kweli kwa taarifa za uongo, anakuandika una miaka 45 na unaishi kijijini, halafu anaifuta wiki inayofuata na kurudishiwa hela yeye. Unakuja kujua ukisimamishwa, au ukigonga.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni yenyewe. Piga simu kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo aliyokupa yeye, uwatajie namba ya gari. Kama msimamizi wa bima wa nchi yako ana tovuti au namba ya kuhakiki, ingia uone jina lako, namba ya gari, aina ya bima na tarehe. Soma hata tahajia ya jina na herufi za namba ya gari, kosa la herufi moja linakuwa ugomvi siku ya madai.

Hatua ya 12: siku ya ajali, andaa leo

Weka kwenye simu namba ya madai ya kampuni na namba ya mkataba. Ikitokea, watu kwanza, wapelekwe hospitali. Piga picha nyingi kabla magari hayajasogezwa kama ni salama: namba za magari, alama za breki, barabara pande zote. Chukua majina ya mashahidi. Usikubali kosa kwa maandishi wala kuahidi kulipa, mikataba mingi inakukataza, waachie kampuni. Toa taarifa siku hiyo hiyo au kesho yake, maana kuchelewa ni sababu rahisi ya kukataliwa. Na usipeleke gari gereji kabla hawajaikagua.

Mwaka ukiisha

Usiache ijirudie yenyewe. Kuna kampuni huwa zinampandishia polepole mteja asiyehama, Uingereza ilifika mpaka msimamizi akapiga marufuku toka Januari 2022 kumtoza mteja wa zamani wa gari au nyumba bei ya juu kuliko mgeni. Kwingine marufuku hiyo haipo, unajilinda mwenyewe kwa kukusanya kotesheni upya na kumpigia wa zamani kumwambia umepata ngapi. Wengi wanashusha hapo hapo kwenye simu.

Na kama mwaka umepita bila madai, iombe barua ya kuthibitisha hivyo kabla mkataba haujaisha, yenye jina lako kama dereva mkuu, idadi ya miaka na tarehe. Mdogo wangu ya kwake aliipiga picha akaituma kwangu, akaituma kwenye barua pepe yake, na karatasi yenyewe iko kwenye faili moja na cheti cha kuzaliwa.